Dawa Iliyolitangulia Jua

Juzi baluni liliingia nyumbani kwangu bila kupiga hodi. Mtoto wa jirani, hapa mtaani Migosi, Kisumu, alikuwa anasherehekea siku ya kuzaliwa, na baluni lenyewe lilikuwa la kisasa, la rangi ya fedha, lililojazwa gesi, lenye umbo la samaki ambaye hakuna mvuvi wa ziwa hili aliyewahi kumtia wavuni. Lilimponyoka mtoto, likapita juu ya vichwa vya wageni, likaingia mlangoni kwangu na kupanda hadi darini. Likatulia hapo juu ya cherehani yangu kama mpangaji anayezijua haki zake.

Nilikuwepo, bila shaka. Mimi huwa nipo. Nashona sare za shule hapa sebuleni, na wateja wangu husema wakiniona sokoni watauliza nani amekufa. Mama wa yule mtoto aliponiomba radhi nilimwambia asijali, heliamu, gesi ile, imo ndani ya baluni tu kwa muda, lakini yenyewe ina umri mkubwa kulishinda jua. Akaniangalia vile watu huniangalia, akachukua mtoto wake akaenda.

Asidhani mtu kwamba mimi ni msomi. Mtihani wa fizikia wa kidato cha nne ulinipa alama ambayo mama yangu, anayependa kutoa ushuhuda kanisani, hakuwahi kuitolea ushuhuda. Lakini hili moja nalijua, kwa sababu nilifundishwa kabla sijafika umri wa kutahiniwa. Alinifundisha Waya.

Waya ni shangazi, dada ya baba, na kwetu jina hilo linatosha. Mtoto hahitaji lingine. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, hakuwa ameolewa, na likizo ile ya Desemba tulimkuta Asembo Bay kwa Dani, nyanya yetu, amerudishwa nyumbani apumzike. Watu wazima walilitamka neno hilo, kupumzika, kwa sauti ya chini. Mimi nililielewa vizuri sana na nikamwonea wivu.

Baadaye nilikusanya vipande, kama mtoto anavyokusanya, kutoka nyuma ya milango. Kwamba muhula ule Waya alikuwa ameacha kulala. Kwamba ubao ulipojaa aliendelea kuandika hesabu zake kwenye ukuta wa nje wa darasa, akauzunguka wote, wasichana wakimfuata na madaftari. Kwamba aligawa viatu vyake vyote. Kisha akaanguka upande wa pili, akalala wiki nyingi uso ukiwa ukutani. Mwishowe madaktari wa Kisumu walimpa vidonge vyeupe, na vidonge vikamrudisha. Alirudi mzito kidogo, kicheko chake kikichelewa kama gari la moshi, lakini alirudi, na mwalimu mkuu alikuwa amekubali kumpokea shule zikifunguliwa Januari. Hilo ndilo alilokuwa akilisubiri likizo yote. Alikuwa ameshapiga pasi sketi zake.

Alikuwa mtu mzima wa kwanza niliyemwona akicheza na watoto bila kuangalia saa. Alasiri moja alitusimamisha uani, wajukuu wote. Akasema hapo mwanzo kabisa, kabla ya jua, kabla ya nyota, kabla hata ya kuwepo mahali pa kuweka nyota, kila kitu kilikuwa kimebanwa pamoja na kilikuwa moto kupita akili. Akatugawa: wengi wakawa protoni, wachache tukawa neutroni. Protoni akibaki peke yake hana neno, akasema, ataishi tu. Lakini neutroni akiachwa peke yake kwa muda anavunjika. Lazima apate protoni amshike, waingie nyumba moja. Humo hadhuriki tena.

Akachukua sufuria na mwiko, akaanza kuipiga kwa kasi. Mlio ukiwa wa kasi, ni joto, na sisi ni lazima tukimbie. Na kweli, kila ukijaribu kumshika mwenzio mkono, mwingine anakuja mbio anawatenganisha. Akapunguza mlio. Tukapunguza mwendo, na hapo mikono ikaanza kushikana, wawili wawili, kisha wanne wanne. "Hao wanne ni heliamu," akaita. "Mkisha kuwa wanne msiachane tena." Pembeni wakapatikana wachache, wamekumbatiana kikundi kikubwa kidogo cha kujikwaa na kuangukiana, naye akasema hao ni lithiamu, wanapatikana kwa shida, mabaki ya chini ya sufuria. Kisha akanyamazisha mwiko na kutuamuru tutawanyike hadi kwenye ua wa minyaa, kwa kuwa ulimwengu unatanuka na jiko limepoa. Aliyekuwa hajashikwa hakuweza tena kumfikia mtu. Mapishi yalikuwa yamekwisha, akasema, na yote yalichukua dakika chache tu, muda wa kuivisha ugali.

Mimi nilikuwa neutroni, na nilikuwa mnene, na sikupenda mbio. Mwiko ulipoanza nilikimbia upande mmoja tu, jikoni kwa Dani, nikafunga mlango. Walinikuta nimeketi kando ya debe la unga, natafuna. Binamu zangu walitaka nifukuzwe mchezoni. Waya akacheka mpaka akashika kiuno, kicheko kile cha kuchelewa, lakini kilipofika kilifika chote.

"Mwacheni," akasema. "Huyu amewashinda wote. Neutroni ni mtu wa nyumbani."

Tangu siku hiyo akaniita Mwenye Nyumba. Nami nikalibeba somo lile kwa uzito ambao yeye hakuukusudia. Niliamini, kama nilivyoamini kwamba ziwa lina mwisho upande wa Uganda, kuwa aliye ndani ya nyumba havunjiki.

Asubuhi na jioni nilikaa karibu naye akimeza vidonge vyake. Kila mara alikunywa maji mengi, kikombe juu ya kikombe, na chupa ya maji haikumtoka mkononi hata akienda kuanua omena, dagaa wetu wa ziwani. Daktari ndiye aliyemwambia hivyo: anywe maji, ale chumvi kama watu wengine, asikae na kiu. Nilimuuliza kidonge kile kinafanya nini. Akafikiri.

"Unakumbuka mchezo, mwiko ukiwa wa kasi? Kichwa changu kinakuwa hivyo. Mawazo yanakimbia, hakuna linaloshika lingine. Hii inapunguza mlio."

Kisha akaniambia jina la kilichomo ndani yake, nami nikaruka. Lithiamu. Wale wa kujikwaa. Nikamuuliza kama ni wale wale. Mwalimu ni mwalimu, hakutaka kunidanganya hata kwa kitu kizuri. Akasema si wote, wengine walitengenezwa baadaye sana, lakini katika kila kidonge wamo baadhi ya wale wa mwanzo, wazee kuliko jua. "Na hii je," akainua kikombe. Akaniambia maji yana vitu viwili, haidrojeni na oksijeni. Oksijeni ni mgeni, ilipikwa ndani ya nyota. Lakini haidrojeni ni wale protoni ambao hawakushikwa na mtu. Wamekuwepo tangu hapo, wengi kuliko kitu chochote. "Kwa hiyo nikimeza dawa, Mwenye Nyumba, nateremsha wazee kwa wazee."

Nilimgusa paji la uso kuona kama ule moto wa mwanzo bado upo. Lilikuwa baridi. Nikaona tumeshinda.

Dani hakuona hivyo. Dani alimpenda binti yake huyo wa mwisho kwa mapenzi ya mtu anayeshika kitu kinachoteleza. Yeye ndiye aliyemwosha nywele zile wiki za ukutani. Lakini alikuwa na hesabu yake, na ilikuwa rahisi: aliyepona hamezi dawa. Anayemeza bado ni mgonjwa, na daktari anayesema utameza miaka yote amekiri kwamba ameshindwa. Kanisani kwake, kanisa dogo la mabati karibu na pale mitumbwi inapofikia, walikuwa wamewahi kuwafungia wagonjwa mfungo mkavu, bila chakula wala maji, na wengine walipona. Aliwajua kwa majina.

Walibishana siku nyingi jikoni, kwa upole, omena zikikaangwa. Mimi nilikuwa pale pale, kwa kuwa jikoni ndiko nilikoishi. Dani alisema hakuna mwanamume atakayeleta ng'ombe kwa mwanamke mwenye dawa kwenye mkoba. Waya akasema huyo mwanamume na abaki na ng'ombe wake. Dani akasema si mwanamume anayemtafuta, ni nyumba. Yeye atakufa, na mtoto wake atakuwa wa nani? Hapo Waya akainama kugeuza omena.

Mwishoni wakapatana. Waya angefunga pamoja na mama yake, mara moja tu, kuanzia Alhamisi hadi ibada ya Jumapili. Dani naye asingegusa vidonge: Waya angeendelea kuvimeza, na maji ya kutosha kulowesha ulimi, basi. Baada ya hapo angekwenda shuleni kwake na neno la dawa lisingetajwa tena nyumbani humo. Nilimsikia akisema, kama anayemtuliza mtoto, "Siku chache tu, Mama. Nitakupa hizo." Alijua alichoambiwa na daktari. Nadhani alijua pia kwamba mama yake hakuwahi kumwomba kitu kingine.

Ilikuwa kiangazi, na upepo wa ziwa ulikuwa umekufa. Nyasi za nje zilikuwa zikilia ukizikanyaga. Ijumaa midomo ya Waya ilianza kupasuka. Nilimpelekea maji kwenye kikombe chake, nikiwa nimekifunika kwa kiganja ili Dani asione, ingawa Dani alikuwa ameketi hapo hapo, naye midomo imepasuka vile vile. Waya akatabasamu.

"Mwenye Nyumba, unamjaribu mtumishi wa Mungu?"

Akakirudisha. Nikaona mkono wake unatetemeka, kidogo, kama mkono wa mtu aliyebeba ndoo mbali. Nilikunywa mwenyewe, yasipotee.

Jumamosi alitapika, ingawa hakukuwa na cha kutapika. Alipoinuka kwenda nje alipepesuka akashika mlango, na maneno yake yalianza kutoka mazito, yameshikana mwanzo na mwisho. Akina mama wa kanisa walikuja mchana. Walimwona anavyotikisika, wakatazamana, wakaanza kuimba kwa furaha. Kitu kilikuwa kinatoka, walisema. Kitu hakitoki bila kupigana. Dani alikuwa amemshika mabega kutoka nyuma, analia na kushukuru pamoja, hata huwezi kujua machozi ni ya lipi.

Na mimi? Mimi nilikuwa na elimu yangu. Nilimwona Waya akisema polepole, akitembea polepole, na nikajua kinachotokea: ulimwengu unapoa. Mlio wa mwiko unapungua. Sasa vitu vitaanza kushikana. Tena alikuwa ndani ya nyumba, na mlango umefungwa. Nililala usingizi mzuri.

Kanisani Jumapili alisimama kutoa ushuhuda, akaangalia watu, akaanguka. Waliimba kidogo, kisha wakaacha. Nakumbuka kuacha kule zaidi ya kuimba, jinsi sauti moja moja zilivyojitoa hadi ikabaki ngoma peke yake, na mpigaji naye akainua macho. Walimbeba wakampakia kwenye pikapu ya samaki iliyokuwa ikielekea Kisumu, kati ya makreti, na Dani akapanda akakiweka kichwa cha Waya mapajani mwake. Sasa alikuwa akimpa maji, kwa kiganja, kutoka kwenye chupa. Yalikuwa yakimwagikia shingoni. Waya hakuwa tena na nguvu ya kumeza.

Hakurudi. Niliyajua mengine kwa Baba, siku ya matanga, alipokuwa akimweleza mama yangu jikoni bila kuniona kando ya debe. Dawa ile, daktari alisema, huondolewa mwilini na maji. Maji yakikosekana inabaki, inajirundika, kila kidonge juu ya mwenzake, mpaka kile kilichokuwa kinamponya kinakuwa sumu. Baba alikuwa fundi wa magari, mtu asiyetumia maneno mengi. Alisema ni kama injini kukosa maji kwenye rejeta. Kisha akageuka akatazama ukuta, na mama yangu akaondoa sufuria motoni, kwa kuwa ilikuwa imeanza kuungua na hakuna aliyekuwa akiikoroga.

Walimzika nje ya ua. Ndiyo desturi: binti mzima asiyeolewa hana nyumba katika boma la baba yake, na asiye na nyumba hazikwi ndani. Wazee hawakulisema kwa ubaya, walilisema kama mtu anayetaja njia ya kwenda mtoni. Nilimvuta Baba shati nikamwambia Waya atavunjika akiachwa huko peke yake. Alidhani ni maneno ya mtoto tu, akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo mpaka udongo ukaisha.

Watu hunitania kwamba sitoki nyumbani, nami hutania zaidi yao, nasema nina mizizi, nasema barabara za Kisumu zina vumbi. Ukweli ni kwamba nilijifunza mapema kuwa nyumba haimlindi mtu, lakini sikuwahi kujifunza kitu kingine cha kuweka mahali pake.

Baada ya matanga wageni waliondoka, Baba akarudi kazini, mimi nikaachwa kwa Dani mpaka shule zifunguliwe, ili asikae peke yake. Kila asubuhi alivuka pengo la minyaa akabeba kigoda chake, akaketi kando ya udongo ule mpya. Hakuomba. Nilimtazama sana nione kama midomo inasogea, na haikusogea. Siku moja jirani alinipa bakuli la uji nimpelekee. Alilipokea, akalishika kwa mikono miwili, hakunywa.

Dani alikuwa akiniita mume wangu, kama nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na kila siku alinitishia talaka kwa uvivu wangu. Siku hiyo aliniita hivyo hivyo, lakini utani ulikuwa umetoka ndani ya neno.

"Mume wangu. Ile dawa ya Waya wako. Alikuambia ilitoka wapi?"

Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu. Nikaketi chini nikamweleza yote, vizuri, kama nilivyofundishwa. Nikamwambia juu ya joto, na mwiko, na zile dakika chache. Nikamwambia kwamba katika kila kidonge zilikuwemo punje za wakati ule, kabla ya ziwa, kabla ya nyota, kabla ya jua.

"Kabla ya jua," akasema.

"Kabla ya jua, Dani."

"Hakukuwa na madaktari."

"Hakukuwa na mtu yeyote."

Kunguru mmoja alitembea juu ya udongo, akaondoka. "Basi aliyeitengeneza ni Mungu mwenyewe," Dani akasema, na mimi nikatikisa kichwa kukubali kwa nguvu, kwa sababu nilidhani nimempa kitu cha kumfariji, nilidhani hatimaye wamepatana, yeye na Waya.

"Na maji?"

Hapo nilifurahi zaidi, maana swali hilo nililijua kabisa. Nikamwambia maji hata zaidi, Dani. Dawa ilikuwa mabaki ya chini ya sufuria tu. Lakini kile kilichomo ndani ya maji ndicho kilichokuwa cha kwanza, na kilitengenezwa kingi kuliko vyote, na mpaka leo bado ni kingi kuliko vyote.

Dani akainua macho. Mbele yetu ziwa lilikuwa limejaa, limetulia, limeenea kutoka chini ya shamba letu hadi Mlima Homa kule ng'ambo. Uji ulikuwa umepoa mikononi mwake.

"Kingi kuliko vyote," akasema. "Na mimi nikamnyima."